Kutoka jukwaa la Bagamoyo hadi kwenye tamthilia: shajara ya miezi tisa

Januari, wiki ya pili

Daftari jipya, kava gumu, shilingi elfu tatu pale stendi. Ukurasa wa kwanza nimeandika lengo kwa wino mwekundu: kabla ya Oktoba niwe nimecheza kwenye tamthilia ya televisheni, nafasi yenye jina. Sitaki "mpita njia wa pili" wala "mama msibani". Nataka jina ambalo mhusika mwingine analitaja akiniita.

Hali ya sasa ni hii. Miaka kumi na mbili ya jukwaa. Nilisoma TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ambayo wazee wa hapa bado wanaiita Chuo cha Sanaa kwa kuwa ndivyo kilivyojulikana tangu kilipoanzishwa 1981 mpaka kilipogeuzwa taasisi 2007. Nimecheza ngoma, nimepiga marimba vibaya, nimeigiza vizuri. Mwaka wa mwisho nilikuwa mke wa Kitunda katika mchezo wa Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, na mpaka leo nikilala vibaya naamka na maneno yake mdomoni. Baada ya chuo kazi yangu kubwa ilikuwa sanaa shirikishi vijijini: vyandarua, mimba za utotoni, migogoro ya ardhi. Mnafika asubuhi, mnapiga ngoma watu wakusanyike, mnaigiza nusu saa, kisha mnakaa na wanakijiji kujadili. Mradi wa mwisho ulifungwa Novemba. Kodi ya nyumba haikufungwa.

Njia yenyewe si mpya, nisijione mvumbuzi. Televisheni ilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, walioijaza michezo ya kuigiza ni watu wa vikundi vya sanaa. Kaole, kundi lililobeba jina la kijiji chetu cha magofu hapa jirani, liliingia majumbani kupitia ITV, na humo ndimo alimopitia Steven Kanumba kabla ya Bongo Movie kumfanya mfalme. Kisha zikaja zama za CD, zikapita. Sasa kazi iko kwenye tamthilia za chaneli za kulipia, Maisha Magic Bongo na Sinema Zetu, na siku za kupiga picha ni nyingi kuliko filamu yoyote ya zamani. Hata hapa Bagamoyo tumeshawahi kupigiwa kamera mlangoni: tamthilia ya Siri ya Mtungi ilipigwa huku, ikaanza kurushwa 2012. Mimi wakati huo nilikuwa Dodoma nikiigiza mbu.

Januari, wiki ya nne

Video ya kwanza ya usaili. Siku hizi hawakuiti moja kwa moja. Wanatuma kurasa mbili kwa WhatsApp, unajirekodi, unarudisha kabla ya saa sita usiku. Nimenunua stendi ya simu kwa elfu thelathini na taa ya duara ambayo inanifanya nionekane nimeona jini.

Maelekezo yalisema nyuma kuwe na ukuta mtupu. Ukuta wangu una ramani ya unyevunyevu iliyokaribia kufanana na Ziwa Tanganyika, kwa hiyo nikatundika kanga. Nikarudia mara kumi na tisa. Nikatuma.

Jibu lilikuja kesho yake, kwa sauti ya kijana aliyekuwa anajizuia kucheka: "Dada, shikamoo. Umefanya vizuri, ila ofisi nzima tumesoma kanga." Nikaenda kuitazama. Juu ya kichwa changu kabisa, kama kichwa cha habari: HASIDI HANA SABABU. Na mimi chini yake ninamlilia mume aliyenikimbia.

Kazi sikupata. Nimeandika kwa ajili ya wiki zijazo: shuka la rangi moja, dirisha liwe mbele yangu na lisiwe nyuma, simu ilazwe kwa ubavu, macho yatazame pembeni kidogo ya kamera na si ndani yake, na video itumwe kama faili, maana ikitumwa kawaida WhatsApp inaibana mpaka uso unakuwa uji.

Februari, wiki ya pili

Usaili wa ana kwa ana, Mikocheni. Nimetoka Bagamoyo na gari la saa kumi na moja alfajiri, kilomita zisizofika themanini lakini kuanzia Bunju tulikuwa tunatembea kama harusi. Foleni ya watu sitini na ushee, wengi wadogo kwangu, wengi wamependeza kunizidi. Niliambiwa nisome muuza chapati anayemkuta binti yake na mwanamume kwenye gari.

Nikavuta pumzi kutoka tumboni kama nilivyofundishwa. Nikatuma sauti. Katika chumba chenye ukubwa wa sebule ya kawaida, na watu watano.

Mtu wa sauti alivua visikilizi vyake taratibu, akaviweka mezani, akasugua sikio. Muongozaji akaniuliza, "Dada yangu, unatokea jukwaani?"

"Umejuaje?"

"Hata jirani amejua."

Walicheka, nami nikacheka, lakini kwenye gari la kurudi sikuwa nacheka. Kwa miaka yote hiyo sifa yangu ilikuwa moja: "Huyu ukikaa mstari wa mwisho unamsikia." Jukwaa letu liko karibu na bahari. Upepo ukivuma, anayeongea kwa sauti ya kawaida anaongea na samaki. Nilijengwa kuushinda upepo ule.

Machi, wiki ya kwanza

Kila ninayemuuliza ananipa ushauri wa neno moja. Punguza. Punguza sauti, punguza mikono, punguza nyusi. Shoga yangu aliyetangulia kwenye tamthilia aliniambia, "Fanya robo ya unachofanya, halafu igawe tena."

Nimepunguza. Nimejirekodi kila usiku dakika tano. Nimehesabu kope: mara thelathini na moja kwa dakika moja, na kila moja kwenye klozapu, picha ya uso kwa karibu, inaonekana kama mlango unaofungwa. Kwenye ukumbi hakuna mtu aliyewahi kuziona kope zangu. Mikono nimeikalia. Nyusi nimezikomesha kwa kubandika gundi ya karatasi kwenye paji la uso nikifanya mazoezi, ili ikivutika nijue nimezipandisha. Mtoto wa jirani aliingia kuomba chumvi, akatoka bila chumvi.

Machi, wiki ya tatu

Kazi ya kwanza! Mama msibani. Sina jina, sina neno, nina kilio. Siku moja, elfu arobaini na chakula.

Masika yameanza na tulikuwa tunapiga msiba wa nje. Kuanzia saa moja asubuhi tumekaa kwenye mkeka, mvua inakuja, tunakimbia na mkeka, mvua inaondoka, tunarudi na mkeka. Kilichonishangaza si mvua. Ni kwamba tulianza kulia mazishi kabla marehemu hajafa. Sini, yaani onyesho, la kifo chake lilipangwa alasiri, chumbani, na muigizaji mwenyewe alikuwa anakula wali maharage mbele yetu tukimlilia. Jukwaani unapanda ngazi moja moja, hasira ya mwisho inazaliwa na neno la mwanzo. Hapa unawekwa juu ya paa na kuambiwa jinsi ulivyofika utajua mwenyewe.

Nililia mara saba. Mara mbili za kwanza zilikuwa za kweli. Ya tatu hadi ya saba nilikuwa nafuata kumbukumbu ya zile mbili. Baadaye nikaambiwa zile mbili za kwanza kamera ilikuwa mbali, waidi, tunaonekana kama magunia ya rangi. Walipokuja karibu nilikuwa nimekauka. Kumbe utaratibu ni huo karibu siku zote: wanaanza na picha pana, ndipo wanakaribia. Anayejua huwa anatunza. Mimi nilimwaga maji yote barabarani.

Machi, wiki ya nne

Nimeona kipande changu cha mazoezi cha wiki mbili zilizopita na cha jana, nimevitazama mfululizo. Cha kwanza kina kelele. Cha pili kina maiti.

Sikulala. Asubuhi nikaenda kwa mwalimu wangu wa maigizo, mzee sasa, amestaafu, anafuga kuku. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba mwanangu, mbona umekonda?" Nikampa simu. Alitazama vyote viwili akiwa amesimama bandani, kuku wanamzunguka, kisha akavitazama tena.

"Hapa," alisema kwenye kile cha pili, "unaongea na nani?"

"Na mume wangu."

"Hapana. Unaongea na hao waliokwambia upunguze. Unawauliza kama imetosha." Akanirudishia simu. "Ulipokuwa kijijini, chini ya mwembe, uliongea hivi?"

Nilitaka kubishana nikakosa neno. Maana ni kweli. Ukumbini nilitupa sauti, lakini sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi haikuwa ukumbini. Ilikuwa chini ya miembe. Watu wamekaa duara, wa mbele anaweza kukugusa goti. Nakumbuka mzee mmoja mkoani Lindi, tulikuwa tunaigiza ugomvi wa shamba. Nilipochuchumaa mbele yake kama mjane aliyedhulumiwa, yule mzee akanisogezea kikombe chake cha maji. Hakuwa anashiriki mchezo. Alikuwa amesahau kuwa ni mchezo. Nilipokea nikanywa, nikaendelea kuongea naye yeye peke yake, kwa sauti ya mtu anayeongea na baba yake mdogo, na watu mia moja wakanyamaza kusikiliza.

Hakuna aliyenifundisha kupunguza siku ile. Sikupunguza kitu. Uchungu ulikuwa uleule wa ukumbini, ila ulikuwa na anwani ya karibu.

Kwa hiyo nimebadilisha mazoezi. Maneno yaleyale, mara tatu: kwanza kwa mtu wa mstari wa mwisho, kisha kwa mtu tuliyekaa naye meza moja, kisha kwa mtu ambaye kichwa chake kiko begani kwangu. Sauti inashuka yenyewe bila kuamrishwa. Gundi ya paji la uso nimeitupa. Kamera nimeipa jina: Mzee wa Lindi.

Aprili

Usaili mara tatu, video sita, hakuna. Mfungo umeisha, Idi imepita, nimeuza redio.

Mei, wiki ya pili

Nilipata siku mbili kwenye tamthilia moja, muuguzi, mistari minne. "Mgonjwa wenu amezinduka" ndiyo ndefu kuliko yote. Kazi ilikwenda vizuri. Nilisimama kwenye alama yangu, kipande cha gundi ya rangi kilichobandikwa sakafuni, bila kukitazama. Nimejifunza kuhesabu hatua kutoka mlangoni: nne na nusu. Hiyo nusu ndiyo inayotenganisha uso ulio makini na uso uliofifia, kwa sababu kamera ikiwa karibu na lenzi imefunguliwa sana, ukisogea kiganja kimoja mbele unatoka kwenye ukali wa picha.

Malipo sasa. Mkataba wa ukurasa mmoja na nusu, ulioletwa nikiwa nimeshavaa sare ya uuguzi na kamera imeshawekwa. Nilisaini juu ya goti. Waliandika "malipo baada ya kukamilika", nami nikadhani ni kukamilika kwa siku zangu. Kumbe ni kukamilika kwa msimu mzima. Siku zangu zimekwisha, na kila nikipiga simu naambiwa mhasibu katoka. Kampuni siitaji. Ninachoandika hapa ni maswali ya kuuliza kabla ya kuvaa: nalipwa kwa siku au kwa sini, nalipwa lini kwa tarehe, nani anagharamia nauli, tamthilia ikirushwa tena mwakani nina changu au sina. Na wakikata asilimia 5 ya kodi ya zuio, nipewe karatasi yake.

Jukwaani tulikuwa maskini lakini tuligawana pesa siku ileile, kwenye meza moja, kila mtu anaona.

Juni, wiki ya kwanza

Simu kutoka kwa yule muongozaji wa Mikocheni. Yule wa "hata jirani amejua". Wana tamthilia mpya na kuna dada mkubwa wa familia, anayeuza vitafunwa, anayejua siri ya kila mtu na hasemi. Kaniuliza kama bado napiga kelele.

Nilikwenda. Sauti ilikuwa sawa, hilo walilikubali mapema. Tatizo likawa Kiswahili changu.

Karatasini iliandikwa: "Nishakwambia usimlete hapa." Mimi nikasema, kwa ulimi uliokunjuliwa vizuri, kila irabu na haki yake: "Ni-me-kwi-sha ku-ku-a-mbi-a." Nilijisikia mwenyewe na sikuweza kujizuia. Chuoni tulipigiwa meza kwa kumeza silabi. Muongozaji akasimamisha. "Dada, huyu mama anauza vitumbua Manzese. Hasomi taarifa ya habari ya saa mbili."

Nikaomba dakika tano. Nikatoka nje, kulikuwa na mama ana meza ya vitumbua, wallahi, kana kwamba nimeagiziwa. Nikanunua vinne na kumsikiliza akimgombeza kijana wa bodaboda aliyekuwa na deni lake. Hakuna sentensi aliyoimaliza. Alianza, akaiacha, akageuza kitumbua, akairudia kwa kichwa tu. Ukali wote ulikuwa kwenye ule mwiko.

Niliporudi nikasema mstari ule nikimpangusia mtu vumbi begani. "Nshakwambia we." Sikuinua macho.

Juni, wiki ya tatu

NIMEPATA. Vipande ishirini na sita vya mwanzo, nipo katika kumi na tisa. Mhusika ana jina. Silitaji humu kwa kuwa mkataba, safari hii wa kurasa sita na nilipewa siku tatu kuusoma, una kipengele cha kutunza siri. Nimempigia mama. Amesema alhamdulillah, kisha akauliza kama nitaonyeshwa kifua.

Kampuni ile nyingine bado mhasibu katoka.

Julai, siku ya kwanza hadi ya sita

Nyumba ya kupigia iko Goba, ya mtu binafsi, ana familia inaishi chumba cha nyuma. Saa kumi na moja na nusu alfajiri tunafika, tunapakwa, tunavaa. Jana tumepiga sini kumi na moja. Kumi na moja! Mchezo wa jukwaani wa saa moja na nusu tuliufanyia mazoezi wiki sita. Hapa mazoezi ni kupita maneno mara mbili huku mtu anakufunga kipaza sauti.

Hicho kipaza sauti ni hadithi. Wanakifunga kifuani, chini ya nguo, kidogo kama kunde. Mhusika wangu anajitanda kanga, na kanga mpya ina wanga: kila nikivuta pumzi kwenye visikilizi ni kama mtu anatembea juu ya majani makavu. Mtu wa sauti alijaribu gundi, akajaribu pamba, mwisho nikamwambia aniachie kanga niende nayo nyumbani. Nimeifua mara tatu na kuianika juani. Leo ni laini kama ya bibi. Akasema, "Da' mkubwa, wewe ungekuwa fundi sauti." Ni yuleyule aliyesugua sikio Februari. Hakunikumbuka, nami sikumkumbusha.

Kabla ya kila sini ya ndani wanazima pangaboi na friji, kwa sababu vinanguruma. Mwenye nyumba alikuwa na samaki wa wiki nzima humo. Nilimwona mtu wa sauti akizima friji kisha akifungua mlango na kuweka funguo za gari lake ndani, juu ya mfuko wa changu. Nikadhani amechoka. Akanieleza: akisahau kuwasha friji jioni, hawezi kwenda nyumbani. Nimefanya kazi na mafundi wa taa, wapiga ngoma, washona mavazi, lakini akili ya namna hii sijawahi kuiona.

Mwisho wa kila chumba tunakaa kimya nusu dakika, watu thelathini, hakuna anayekohoa, wanarekodi sauti ya chumba chenyewe. Naipenda nusu dakika hii. Inanikumbusha ule ukimya wa kabla ya ngoma kuingia.

Julai, siku ya tisa

Kosa langu leo: chai. Katika picha pana nilipiga funda baada ya neno "mahari". Walipokuja kwenye klozapu nikapiga funda kabla. Dada wa kontinyuiti, anayehakikisha kila picha inaoana na iliyotangulia, mdogo wangu kwa miaka kama kumi lakini anaheshimika kama shangazi, akainua mkono: "Dada, funda lilikuwa baada. Na kikombe mkono wa kushoto. Na mvuke ulikuwepo." Wakachemsha chai upya. Watu thelathini wanangoja birika.

Jukwaani kila usiku chai inanyweka inavyotaka. Hapa nimeanza kuandika matendo pembeni ya maneno kwa penseli: *mahari / funda / weka chini / kushoto*. Tena nimejifunza ujanja wa wakongwe: usifanye mambo mengi kwenye picha pana, maana kila ulichofanya utadaiwa kukirudia.

Julai, siku ya kumi na nne

Sini ya ujumbe. Mhusika wangu yuko jikoni peke yake, anasoma kwenye simu kwamba mdogo wake amekamatwa. Hakuna maneno. Niliiogopa hii tangu nilipoiona kwenye muswada.

Jukwaani ningejua la kufanya. Mikono ingepanda kichwani, magoti yangelegea, ukumbi mzima ungejua msiba umeingia kabla sijafungua mdomo. Teki ya kwanza nilifanya nusu ya hayo. Muongozaji akaja mpaka jikoni, akachuchumaa, akasema kwa upole, "Dada, usituonyeshe. Soma tu."

Lakini nisome nini? Simu waliyonipa ilikuwa imezimwa, kioo cheusi, nikijitazama pua yangu. Nikaomba wanipe simu yangu na mtu anitumie ujumbe wa kweli wakati kamera inarekodi, wowote. Msaidizi wa muongozaji akasema sawa.

Teki ya pili. Nakatakata kitunguu. Simu inatetemeka mezani. Napangusa mikono kwenye kanga, naichukua, nasoma. Nasoma tena, kwa sababu mara ya kwanza macho yalipita tu. Nikaiweka chini kioo kikiangalia meza. Nikashika kisu. Sikukata.

"Kat."

Kimya. Kisha muongozaji: "Tumepata. Tunahama."

Ujumbe wenyewe ulisema: *Dada uji umeisha ila nimekufichia kikombe.* Nilikuwa sijala tangu alfajiri.

Agosti, wiki ya pili

Tumepumzika siku kumi. Wenzangu wa zamani wameniomba nijazie nafasi kwenye onyesho la usiku mmoja, Bagamoyo, muigizaji wao anaumwa. Nikasema nini cha kuhofia, jukwaa ni nyumbani.

Aibu. Nilipoanza, wa mstari wa tatu waliniinamia kama wanaosikiliza redio mbovu. Mwezi mmoja na nusu tu wa kipaza sauti cha kifuani na tumbo langu limeshakuwa mvivu. Nilipata sauti kwenye onyesho la pili la mchezo, koo likawaka, na kesho yake nilikuwa naongea kama bata. Mwalimu alikuwepo. Alinijia baadaye akanipa mayai kumi na mawili, akasema tu, "Asubuhi. Ufukweni. Kila siku." Kwa hiyo saa kumi na mbili asubuhi sasa naigombeza bahari dakika ishirini. Wavuvi wamezoea. Mmoja hunijibu.

Agosti, wiki ya nne

Fedha za muuguzi zimeingia. Zimepungua kidogo na karatasi ya kodi hakuna. Nimechoka kupiga simu, nimenunua redio nyingine.

Septemba, wiki ya tatu

Kipande cha kwanza kimerushwa. Nilikwenda kwa mama kutazama, Kinondoni, kwa sababu mimi sina king'amuzi. Nyumba imejaa majirani, sahani za kashata zinapita. Mama ni mzaliwa wa Unguja na kila televisheni ikiwashwa hakosi kutusimanga: "Sisi kwetu tulikuwa na televisheni ya rangi tangu sabini na tatu. Nyie wa bara mmeipata juzi juzi hapa."

Nilikaa sakafuni nyuma ya mlango. Nikajiona. Pua yangu ni kubwa kuliko nilivyodhani, hilo la kwanza. La pili lilinichukua muda kulielewa. Kwenye sini ya mezani, ile ya mahari, mistari yangu minne niliyoifanyia kazi usiku mzima waliisikilizisha juu ya uso wa mtu mwingine. Sauti yangu, uso wa shemeji. Mimi mwenyewe wamenionyesha pale nilipokuwa sisemi kitu, namsikiliza mdogo wangu akidanganya. Na pale nilikuwa sifanyi chochote cha makusudi. Nilikuwa namtazama kijana yule kwa kuwa alikuwa amesahau maneno na anayatunga, na nilikuwa namwombea ayapate.

Jirani mmoja akasema, "Huyu dada anajua kila kitu." Mama, bila kugeuka, akajibu, "Alikuwa hivyohivyo tangu mdogo. Ukificha sukari anakuangalia tu."

Halafu tangazo la sabuni likaingia, na watu wakaanza kuulizana nani analeta chai.

Septemba, wiki ya nne

Lengo la wino mwekundu nimelipigia mstari. Hesabu: video za usaili ishirini na mbili, usaili wa ana kwa ana tisa, siku za kazi thelathini na nne, deni la nauli kwa shoga yangu nimelilipa lote.

Ratiba ya kesho kutwa imeingia saa tatu usiku huu. Goba, saa kumi na moja na nusu alfajiri, sini ya 8 ambayo inaendelea moja kwa moja na tuliyoipiga Julai. Nimempigia dada wa kontinyuiti kuuliza nywele. Amesema mabutu mawili, la kushoto limelegea, na nisisahau kile kidonda kidogo cha kitunguu kwenye kidole cha shahada. Kidonda kilishapona. Watanichora kingine.